Kigumba cha kuwindia bata mzinga mwitu: anza na mahali utakapopiga

Kila majira ya machipuko, kuanzia Pennsylvania hadi Missouri, kuna watu wanaoingia msituni na mishale iliyobaki kwenye podo tangu msimu wa kulungu. Hesabu yao kwa juu juu haina kasoro: kigumba, yaani ile ncha ya mshale yenye makali, kilichomwangusha kulungu wa kilo 70 kitashindwaje na ndege wa kilo 9? Kinashindwa, na mara nyingi. Mshale unapita, manyoya yanatimka, dume anaruka juu mara moja, anatua, anatoka mbio hadi kichakani, na mwindaji anabaki kupekua majani makavu asione hata tone la damu. Ndege anafia mbele huko na haonekani tena. Uchungu wake wanaujua waliowahi kuzunguka kichaka kimoja hadi saa sita mchana na kurudi mikono mitupu.

Wenzetu walioko Marekani na Kanada wanaoanza kuwinda bata mzinga kwa upinde huanza na duka. Wanauliza kigumba gani ni kizuri, wananunua, halafu wakiwa porini ndipo wanafikiria wapige wapi. Geuza mpangilio huo. Amua kwanza utapiga wapi kwenye mwili wa ndege na utampataje baada ya hapo. Kigumba kifuate uamuzi huo, na upinde ufuate kigumba.

Bata mzinga mwitu ana manyoya kati ya 5,000 na 6,000, yamelala tabaka juu ya tabaka, nayo hunywa damu kabla haijafika chini. Ile desturi ya wawinda kulungu ya kupiga, kungoja nusu saa, kisha kufuata damu, hapa haikufikishi mbali. Ndege huyu akiwa mzima hukimbia hadi kilomita 40 kwa saa, na akiruka ndiyo basi tena. Kwa hiyo kazi ya kigumba chako ni kumwangusha ndani ya upeo wa macho yako. Kupenya sana si sifa yake ya kwanza, maana mwili wenyewe ni mwembamba na mifupa yake ni myepesi. Upana wa jeraha, na mshale kwenda pale ulipoutuma, ndivyo vinavyoleta ndege nyumbani.

Moyo na mapafu yake kwa pamoja havizidi sana ngumi ya mtu mzima, navyo viko juu zaidi na nyuma zaidi kuliko jicho linavyodhani. Lile bunda kubwa la kifua unaloliona mbele ni nyama ya kurukia pamoja na kifuko cha chakula chini ya shingo. Mshale ukipita hapo, ndege huenda nao mbali. Akiwa amekaa ubavu, fuata miguu yake kwa macho ukipanda juu hadi kwenye bega la bawa, hapo ndipo. Akikutazama uso kwa uso, lenga juu kidogo ya pale ndevu za kifuani, kile kishungi cha manyoya magumu, zinapoota. Akikupa mgongo huku ametulia, lenga katikati ya mabawa, kwenye uti wa mgongo. Na akikupa mgongo huku ametandaza mkia, lenga pale shina za manyoya ya mkia zinapokutana.

Ukikosea, bora ukosee kwenda juu na nyuma kuliko chini na mbele. Mshale unaovunja nyonga humnyima miguu, na bata mzinga mzito asiye na miguu hupata tabu hata kuruka. Mshale uliopita chini ya kifua humwachia miguu, mabawa na akili zake zote.

Tahadhari zaidi ni kwa dume aliyejivimbisha kumtamanisha jike. Huyo ni puto la manyoya: unaona ndege mara mbili ya ukubwa wake, na mstari wa mwili halisi umepotea ndani. Ukiweza, ngoja ashushe manyoya. Mwite kidogo kwa filimbi ya kuitia, sauti moja fupi. Mara nyingi hukunja mkia, akasimamisha shingo kusikiliza. Hiyo ndiyo nafasi yako.

Kigumba kubadilika kwa kufuata windo si jambo geni kwetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hubeba mishale ya aina mbalimbali: ya chuma yenye sumu kwa wanyama wakubwa, na ya mti mtupu iliyochongwa ncha kwa ndege na vijinyama vidogo. (Sumu isikupitie akilini huku. Majimbo mengi ya Marekani huikataza kwenye mishale, na bila sumu hiyo kazi yote inabaki kwa makali.)

Tukija kwenye duka sasa, utakuta aina tatu za vigumba.

Ya kwanza ni vigumba vya nyembe zisizosogea: nyembe mbili, tatu au nne zilizokazwa kwenye ncha, upana wa inchi 1 hadi 1¼. Uzito wa kawaida ni greini 100 au 125, yaani gramu 6.5 au 8.1. Havina kitu cha kufunguka, kwa hiyo hakuna cha kukataa kufunguka. Vinafaa kwa upinde mwepesi unaovutwa kwa nguvu ya paundi 40, na ndivyo vya kutumia ukitaka kupiga kupitia wavu wa dirisha la hema la maficho. Udhaifu wake ni miwili. Njia vinayokata ni nyembamba, kwa hiyo kosa la vidole viwili linakutoa kwenye ngumi ile niliyoisema. Pia nyembe zake hushika upepo kama manyoya ya nyuma ya mshale yanavyoshika, hivyo upinde usiorekebishwa vizuri huumbuka papo hapo.

Ya pili ni vigumba vya kufunguka. Vinaruka vimefumbwa, karibu sawa na kigumba cha mazoezi kisicho na nyembe, kisha vikigonga nyembe zinafunuka hadi inchi 1½, inchi 2 au zaidi. Kwa bata mzinga mimi ningemwambia mtu mwenye upinde wa nguvu za kutosha achague huku, kwa sababu ya upana tu. Lakini kufunguka kuna gharama, na inalipwa kwa nguvu ya mshale. Zile zinazofunuka kuanzia mbele, nyembe zikipinduka kuelekea nyuma, hula nguvu nyingi zaidi, na zikigonga bawa kwa pembe kali zinaweza kuteleza kabla hazijashika. Zile zinazosukumwa nyuma kwenye mfereji wake huanza kukata mapema na hupoteza nguvu kidogo.

Nguvu hiyo inahesabika. Chukua uzito wa mshale mzima kwa greini, zidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, zidisha tena kwa mwendo uleule, kisha gawanya kwa 450,240. Jibu ni futi-paundi. Mshale wa greini 400 unaokwenda futi 250 kwa sekunde una futi-paundi 55 na ushei. Huo unafungua inchi 2 bila wasiwasi. Mshale wa greini 375 kwenye futi 200 kwa sekunde una 33 tu. Mwenye huo asitamani upana wa wenzake: achukue nyembe zisizosogea, au cha kufunguka kisichozidi inchi 1½. Duka lolote la pinde lenye kipima mwendo litakupimia kwa dakika tano, na ni vizuri kwenda na mshale ule ule utakaouwindia. Mwendo ulioandikwa kwenye boksi la upinde hupimwa kwa mshale mwepesi na mvuto mrefu kuliko wako, usiupigie hesabu.

Kabla ya kila safari shika kigumba cha kufunguka karibu na uso, usukume wembe mmoja kwa kipande cha mti, si kwa kidole. Kile kipete cha plastiki au mpira kinachozifumba nyembe kinapaswa kuzishika kwa ukakamavu, kisha kuziachia. Kikiwa na ufa mweupe, au wembe ukicheza wenyewe, kitupe uweke kipya. Vipete vinachoka kwa kutolewa na kurudishwa, na kilichochoka huachia nyembe hewani mshale ungali njiani. Kwa sababu hiyo hiyo usikipitishe kigumba hiki kwenye wavu wa dirisha, fungua dirisha.

Ya tatu ni vigumba vya kukata shingo: visu virefu vilivyosimama kando kando, upana wa inchi 3 hadi 4, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kichwa na shingo peke yake. Uzuri wake hauna mfano. Ama umepiga na ndege ameanguka hapo hapo, ama umekosa na amekwenda zake mzima. Hakuna kutafuta. Lakini watu hununua kwa ajili ya huo uzuri bila kusoma masharti, na masharti ni mengi.

Visu hivyo havipaswi kurudi nyuma hadi kwenye mwili wa upinde, wala kwenye kidole chako. Mshale lazima uwe mrefu, inchi 30 na zaidi kwa watu wengi, ili ukivuta hadi mwisho visu vibaki mbele ya upinde kwa nafasi ya vidole vitatu. Jaribu hilo polepole, ukielekeza kwenye shabaha, mtu wa pili akitazama kutoka ubavuni. Mshale mrefu wenye mzigo mbele hujipinda zaidi unapoachiwa, kwa hiyo wano, yaani mti wa mshale, linahitaji kuwa gumu zaidi. Kama unatumia wano la namba 500 kwa kulungu, utahitaji 400 au hata 340, maana namba ikishuka ugumu unapanda. Manyoya ya nyuma yawe makubwa, inchi 4 au 5, yamebandikwa kwa kujipinda ili mshale uzunguke upesi. Manyoya mafupi ya plastiki hayawezi kuzituliza panga zile. Hata ukishatimiza yote hayo, hivi ni vigumba vya yadi 15 kushuka chini. Na ukikosea ukapiga mwili badala ya shingo, visu hugota kwenye manyoya ya mabawa na kumwacha ndege na jeraha baya lisiloua. Mtu asiyeweza kungoja kichwa kitulie asivinunue. Dume akitembea, kichwa hakikai mahali pamoja hata nukta.

Kuhusu sheria: majimbo mengi huweka uzito wa chini wa kuvuta upinde, aghalabu paundi 35 au 40, na upana wa chini wa kigumba, aghalabu inchi 7/8. Soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huu, si cha rafiki aliyewinda jimbo jingine. Humo humo utakuta pia saa za kuwinda, ambazo baadhi ya sehemu huisha mchana wakati wa machipuko, na sharti la kuchukua ndege mwenye ndevu tu.

Na gharama. Pakiti ya vigumba vitatu vizuri ni dola 30 hadi 60, na kigumba kilichokwishagonga jiwe au mfupa mara nyingi kimekwisha. Kwa vigumba vya shingo ongeza mishale mipya, maana uliyo nayo pengine imekatwa mifupi. Ununue mapema. Vigumba vinavyonunuliwa jioni ya kuamkia msimu huingia msituni bila kujaribiwa.

Kujaribu kwenyewe huanza mezani. Kaza kigumba, simamisha mshale kwa ncha juu ya ubao, uuzungushe kwa vidole. Ukiona kiungo cha kigumba na wano kinatikisika, kuna kitu kimepinda: ama kigumba, ama kile kishikizo cha skrubu kilicho ndani ya wano, ama wano lenyewe halikukatwa sawasawa mdomoni. Badilisha kigumba kwanza. Tatizo likibaki kwenye mshale, mshale huo ni wa mazoezi. Kaza vigumba kwa ufunguo wake maalumu wa plastiki, kamwe si kwa vidole. Si majeraha yote ya mchezo huu hutokea porini; mengine hutokea mezani, kwenye kidole gumba.

Kisha nenda yadi 20. Piga mishale mitatu yenye vigumba vya mazoezi na mitatu yenye nyembe, uzito ule ule, kwenye shabaha ya sponji ngumu. Makundi mawili yakikaa pamoja, umemaliza. Ya nyembe yakigonga kushoto kwa yale ya mazoezi, sogeza kiegemeo cha mshale kulia. Yakigonga chini, pandisha kiegemeo. Sogeza inchi 1/32 tu, chini kidogo ya milimita moja, upige tena. Usiguse pini za kulengea zilizo kwenye upinde wakati huu. Wengi husogeza pini kufuata nyembe wakaridhika, nao wameficha kasoro tu: mshale bado unaruka ubavu-ubavu, na mshale unaofika ubavu haupenyi. Ukibadilisha uzito, tuseme kutoka greini 100 kwenda 125, rudia yote, kwa kuwa mzigo wa mbele huufanya mshale ule ule uwe laini zaidi. Vya kukata shingo usivipige kwenye sponji ngumu. Simamisha wima kipande cha boya refu la sponji la kuogelea, nyuma yake kuwe na kilima cha udongo na pasiwe na mtu wala mfugo.

Zoezi ambalo watu huliruka ni la karibu sana. Bata mzinga anayekuja kwenye sanamu ya ndege uliyoiweka kumvutia anaweza kusimama yadi 4 kutoka kwako. Mshale huanzia inchi kadhaa chini ya jicho lako, na kwa umbali huo haujapata nafasi ya kupanda hadi kwenye mstari wa pini. Ukitumia pini iliyowekwa kwa yadi 20 kwa ndege wa yadi 3, unapiga chini, pale pale pa kifua nilipokukataza. Piga nyumbani kwenye yadi 3, 5 na 8, ujue pini ipi inakufaa kila mahali. Sababu hiyo hiyo huwafanya watu wapige hema lao wenyewe: jicho linaona nje vizuri, mshale chini yake unaelekea kwenye kingo za dirisha. Na kisu cha inchi 4 kinadai nafasi zaidi ya unavyodhani.

Ukifika porini, sanamu ndiyo inayokupa pembe. Weka sanamu ya dume changa yadi 6 hadi 8, uso ukielekea kwenye hema lako. Dume mkubwa hupenda kumkabili mwenzake ana kwa ana, kwa hiyo atazunguka mbele yake, na hapo mgongo wake unakuwa kwako. Akitandaza mkia, mkia wenyewe unamziba macho. Huo ndio wakati wa kuvuta upinde. Ndani ya hema vaa nyeusi na ufunge madirisha ya nyuma, usionekane kivuli chako. Nje ya hema usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, hata soksi au leso, kwani hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na kuna mwindaji mwingine msituni asiyekujua.

Ukishaachia, usishangilie. Weka mshale wa pili kwenye uzi huku macho yakimfuata. Akianguka akipigapiga mabawa, nenda mara moja, ila epuka miguu yenye miiba na kumbuka kuwa ndani yake huenda kuna nyembe zilizo wazi. Akiondoka, tia alama kwa macho mti wa mwisho ulipomwona, kisha sikiliza: aliyeumia sana akiruka, mara nyingi utasikia mabawa, halafu kishindo kwenye matawi. Akiondoka kwa miguu, taratibu, ameinama, kaa kimya usimkimbize. Ukimwacha atajificha karibu, ukimsukuma atavuka mto. Baada ya saa moja anza pale manyoya yalipodondoka. Tazama chini ya magogo, ndani ya mizizi iliyong'olewa, kwenye miiba minene. Ndege huyu hujipenyeza mahali ambapo ungesema paka hapiti, na rangi zake na za majani makavu ni zile zile. Mshale wenyewe unasema mengi: ukinuka kinyesi, umepita matumboni, ongeza muda wa kungoja.

Wapo wanaofunga kizuizi nyuma ya kigumba ili mshale ubakie mwilini na kumzuia ndege kuruka. Hoja ina akili, lakini kigumba kipana kinachofunguka hufanya kazi hiyo chenyewe, na kizuizi huongeza uzito mbele pamoja na kazi nyingine ya kurekebisha. Mimi nisingejisumbua.

Ukimpata, jaza kitambulisho cha windo hapo hapo kabla hujamsogeza, kama jimbo linavyotaka, na mbebe ndani ya mfuko wa rangi ya machungwa. Nyumbani, kabla mtu yeyote hajatia mkono tumboni, toa kigumba uhesabu nyembe zake. Zikipungua, chinja kwa uangalifu ukifuata njia ya jeraha hadi uipate iliyokatika. Nyembe zilizogonga mfupa usizinoe kwa ajili ya msimu ujao. Zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uziweke mbali na watoto, na ununue nyingine.